Uzi: Jamaika, kisiwa ambacho leseni ya bastola ni ngumu kupata na bastola yenyewe ni rahisi

Mwana_wa_Pangani:

Wakuu, shikamooni mnaostahili shikamoo, wengine habari za saa hizi.

Juzi kwenye uzi mmoja wa mpira mdau aliandika kwamba Jamaika kila mtu ana bunduki, hata mtoto wa shule anayo kwenye begi, na ndiyo maana wanauana hovyo. Watu wakampa likes kibao. Nilianza kumjibu palepale, jibu likawa refu kuliko mada yao, nikaona nisiwaharibie. Nimelifungulia uzi wake.

Kwanza mjue nazungumza kutoka wapi. Naishi kusini mwa Florida mwaka wa 11 sasa. Miaka minne ya mwanzo nilifanya kazi kwenye ghala la wakala wa mizigo, na wateja wetu wengi walikuwa Wajamaika. Ghala silitaji. Nilibeba mapipa yao, nikala chakula chao, nikaenda misiba yao, na misiba mingine ilikuwa ya risasi. Kwa hiyo hili jambo kwangu si la kusoma tu.

Tuanze na hesabu, maana ndipo mdau alipoteleza. Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilitoa makadirio ya silaha zilizo mikononi mwa raia duniani kote kwa mwaka 2017. Jamaika walikadiriwa kuwa na silaha kama 246,000, sawa na 8.8 kwa kila watu 100. Marekani ni 120.5 kwa kila watu 100, yaani bunduki ni nyingi kuliko watu. Bahamas ni kama 18.8. Jamhuri ya Dominika 7.4. Trinidad na Tobago 3.2. Haiti, ambayo kila siku tunaisikia kwa mabaya, 2.6 hivi. Na sisi tusijisahau: Kenya 1.5, Tanzania 0.8.

Sasa angalieni kitu. Jamaika na Jamhuri ya Dominika wanakaribiana kwa idadi ya silaha kwa kila watu 100. Lakini mwaka huohuo wa 2017 Jamaika waliuawa watu 1,647 katika nchi ya watu wasiofika milioni 3. Ukipiga hesabu kwa kila watu 100,000, Jamaika ilikuwa juu ya Jamhuri ya Dominika takriban mara tano. Na Bahamas, yenye silaha nyingi zaidi kwa kila watu 100, ilikuwa chini ya Jamaika kwa mauaji. Idadi peke yake haituambii nani anakufa. Inabidi uulize hizo silaha ziko kwa nani, zimeingiaje, na zinazunguka vipi.

Halafu jueni kwamba neno "raia" kwenye hizo takwimu linamjumlisha kila mtu asiye askari. Daktari wa Mandeville mwenye bastola ya leseni ndani ya kasha la chuma ni raia. Kijana wa genge anayefukia bunduki chini ya bati la choo, naye kwa hesabu hiyo ni raia. Kuwaweka kapu moja ndiko kunakomfanya mtu aseme "Wajamaika wana bunduki", kama vile unavyoweza kusema Watanga wana majahazi.

Leseni ya Jamaika si karatasi ya kuchukua dirishani. Zamani mkuu wa polisi wa parokia ndiye aliyekuwa akitoa (parokia kwao ni kama mkoa, haina uhusiano na kanisa siku hizi). Ikaonekana upendeleo na rushwa vimezidi, sheria ikarekebishwa 2005 na mamlaka maalumu ya leseni za silaha ikaundwa. Unaomba, unachukuliwa alama za vidole, unaleta wadhamini wa tabia, unachunguzwa, unathibitisha kwamba unajua kulenga na kutunza silaha. Bastola yenyewe inafyatuliwa na kupigwa picha ganda na risasi zake, ili siku ikiua ijulikane. Wengi wananyimwa. Mfanyabiashara anayesafirisha fedha anaweza kupata. Mama muuza mboga wa soko la Coronation, ambaye ndiye anayeibiwa kila Jumamosi, hapati, na hata akipata hana pesa ya kununua.

Na bado rushwa ilipenya humohumo. 2017 ililipuka kashfa kwamba watu wenye rekodi za kutia shaka walikuwa wamepewa leseni, bodi ya mamlaka ikaachia ngazi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nawapaka rangi.

Naendelea kwenye post inayofuata, simu inagoma nikiandika ndefu.

Mwana_wa_Pangani:

Bunduki za mitaani zilianzaje? Hapa lazima tuongee siasa.

Jamaika ilipata uhuru Agosti 1962, miezi minane baada ya Tanganyika. Vyama viwili, JLP na PNP, vikawa vinagawana mji mkuu, Kingston, mtaa kwa mtaa. Nyumba za serikali zikajengwa na kupewa wafuasi. Mfano unaojulikana ni Tivoli Gardens: palikuwa na mtaa wa mabanda unaitwa Back-o-Wall, ukavunjwa katikati ya miaka ya 1960 chini ya Edward Seaga, mbunge na waziri wa JLP, zikainuka nyumba mpya za watu wa chama chake. PNP nao wakawa na mitaa yao. Mitaa hiyo wenyewe wanaiita garrison, yaani ngome. Ndani ya ngome kura zote zinaelekea upande mmoja, na anayelinda hilo ni kijana mwenye bunduki. Kijana hakujinunulia. Alipewa.

Kufikia 1974 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Waziri Mkuu Michael Manley wa PNP alianzisha Mahakama ya Bunduki. Jengo lake lilikuwa South Camp Road, Kingston, limepakwa rangi nyekundu na kuzungushiwa seng'enge, makusudi kila anayepita alione. Kesi zilisikilizwa bila baraza la wazee wa mahakama na bila umma kuingia. Ukikutwa na silaha bila leseni, au hata risasi peke yake bila bunduki, unafungwa kwa muda usio na mwisho mpaka wakubwa waridhike. Mwaka uliofuata Baraza la Faragha la London, ambalo bado ndilo mahakama yao ya mwisho mpaka leo, likasema kifungo cha namna hiyo kinavunja katiba. Bunge likaja na kifungo cha maisha. Miaka 50 imepita tangu wakati huo, na mahakama ya bunduki bado ipo.

Desemba 1976, siku chache kabla ya uchaguzi, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Bob Marley, 56 Hope Road, wakampiga risasi yeye, mkewe Rita na meneja wake. Wote walipona. Siku mbili baadaye akapanda jukwaani. Hiki kisa sote tunakijua. Ambacho wengi hawakiweki pamoja nacho ni uchaguzi wa 1980, ambapo mauaji ya mwaka ule yalizidi 800 kwenye nchi iliyokuwa na watu milioni 2 na kidogo. Manley na Seaga walikuwa wameshikishwa mikono na Marley huyohuyo jukwaani Aprili 1978. Mikono ikashikana, bunduki zikabaki mitaani.

Baadaye kokeini ikaanza kupita kisiwani, wakubwa wa mitaa wakapata pesa zao wenyewe, hawakuhitaji tena mbunge awape silaha. Mbunge ndiye akawa anawahitaji wao. Mei 2010 serikali ilipokwenda Tivoli kumkamata Christopher Coke, aliyetakiwa Marekani kwa biashara ya dawa za kulevya na silaha, jeshi liliingia na watu karibu 70 au zaidi wakafa, wengi wakiwa raia wa kawaida. Coke mwenyewe alikamatwa mwezi uliofuata akiwa ndani ya gari la mchungaji. Leo anatumikia kifungo cha miaka 23 Marekani. Wafu wa Tivoli wako makaburini.

Kisima_cha_Bibi:

Mkuu umeshusha vitu. Naomba swali moja tu. Kisiwani hakuna kiwanda cha bunduki. Sasa hizo silaha kama si za leseni zinaingia vipi wakati ni bahari pande zote? Si ni rahisi kulinda kuliko sisi wenye mipaka ya pori?

Mwana_wa_Pangani:

Dada, hilo swali ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kisiwa ni kigumu kulinda kuliko unavyofikiri, maana kila kitu wanachokula na kuvaa kinafika kwa meli. Njia ni mbili kubwa. Ya kwanza ni mashua za wavuvi: bangi inatoka Jamaika kwenda Haiti, bunduki zinarudi. Ya pili ni bandarini, na hii nimeiona kwa macho yangu.

Pipa la Mjamaika ni kitu cha heshima. Ni pipa la plastiki la buluu au la kadibodi ngumu, linafika kifuani. Mama anayefanya kazi ya kulea wazee Florida au New York analijaza miezi mitatu minne kidogokidogo: mchele chini kabisa ndio unabeba uzito, juu yake mafuta ya kupikia yaliyofungwa mifuko miwili miwili yasimwagike, samaki wa kopo, sabuni ya unga, dawa ya meno, viatu vya shule vimejazwa soksi ndani ili nafasi isipotee, daftari zinasimamishwa pembeni. Juu kabisa shuka au taulo. Kisha mfuniko, pete ya chuma inazunguka, bolti inakazwa. Wana jina hata la watoto wanaolelewa na bibi huku mzazi akituma vitu kutoka ng'ambo: watoto wa pipa. Kwa wale wa Mombasa na Dar mnaopokea maboksi ya ndugu zenu, ni kitu kilekile.

Siku moja, ni asubuhi ya Jumanne, walikuja maofisa wa forodha na mbwa wakaomba mapipa manne yawekwe pembeni. La tatu walilifungua mbele yetu. Wakatandika turubai chini, wakamwaga mfuko wa sabuni ya unga, ule mkubwa wa kilo nyingi. Unga ukamwagika mweupe, harufu ya limau ikajaa ghala zima. Katikati kikatoka kitu kimefungwa karatasi ya jiko inayong'aa. Walipokunjua ilikuwa sehemu ya juu ya bastola, ile inayoteleza. Kwenye mfuko wa pili mtutu. Kwenye kopo la maziwa lililofunguliwa chini na kufungwa tena kwa gundi, magazini mbili na risasi. Kiatu cha mtoto namba 33 kilikuwa na spring na kipini ndani yake.

Nilikuwa nimesimama na mama mmoja wa Spanish Town, Jamaika, tulikuwa tukifanya naye kazi ya kuandika hati. Aliniangalia akaenda kukaa juu ya pipa jingine. Mpwa wake alipigwa risasi 2017, alikuwa na miaka 19, alikuwa anatoka kukata nywele. Hakusema kitu kirefu. Aliniuliza tu kama ninakumbuka yeye alituma mapipa mangapi mwaka ule. Nilimwelewa. Alikuwa anawaza kwamba pipa lake la mchele na pipa la bunduki iliyomuua mtoto wao huenda yalikaa kwenye kontena moja.

Kwa hiyo dada, mpaka wa Jamaika unaanzia huku niliko. Duka la bunduki Florida linahitaji kitambulisho, fomu, na ukaguzi wa rekodi ya jinai. Anayetaka kusafirisha anamtuma kijana au binti asiye na rekodi, ananunua tatu leo na mbili wiki ijayo kwenye duka jingine, analipwa ujira wake. Ukinunua kwa mtu binafsi hata ukaguzi haulazimiki. Na mizigo inayotoka Marekani haikaguliwi kama inayoingia, kila nchi inajilinda yenyewe kwanza. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilisema kwenye ripoti ya Oktoba 2024 kwamba, kati ya silaha zilizokamatwa Karibi na kufuatiliwa asili yake kuanzia 2018 hadi 2022, asilimia 73 zilitoka Marekani. Wameandika Wamarekani wenyewe.

Kipkemboi_wa_Bonde:

Ndugu, nimesoma yote na nashukuru, lakini hapo kwa leseni sikubaliani na wewe. Unasema mama wa sokoni hawezi kupata leseni na mwizi anapata bunduki ya magendo. Basi si suluhisho ni kumrahisishia huyo mama? Shemeji yangu ana duka la pembejeo. Alivamiwa mara mbili na vijana wenye bastola ya kukodi. Kama angekuwa na yake wangefikiria mara mbili. Hapa kwetu Kenya mwenye leseni anasumbuliwa kila mwaka, tangu ule uhakiki wa 2018 watu walipiga foleni kuhakikiwa upya, na jambazi hahakikiwi na mtu.

Mwana_wa_Pangani:

Pole kwa shemeji. Sikudharau hoja yako, hata huko Jamaika wapo wengi wanaosema hivyo, na wana sababu. Kuna visa ambapo mwenye leseni amewapiga majambazi akapona. Vinaandikwa magazetini mara kwa mara.

Lakini yaangalie na haya. Bastola yenyewe ni mali inayowindwa. Mlinzi wa duka au mfanyabiashara anauawa ili achukuliwe silaha yake, maana kule mtaani bastola ina thamani kuliko pesa iliyoko kwenye droo. Inakodishwa kama ulivyosema ya kwenu: leo imetumika huku, kesho iko parokia nyingine, na wataalamu wa uchunguzi wanakuja kukuta alama za bunduki moja kwenye maiti kadhaa za miezi tofauti. Mama wa sokoni akiwa nayo chini ya meza ya mihogo, saa kumi na moja alfajiri, peke yake, sioni inamlinda vipi na vijana watatu wanaojua anayo. Nitakubali kukosea kama utanionyesha mahali ilipofanya kazi kwa watu maskini, siyo kwa wenye ukuta na mlinzi.

Na kukodi ulikokutaja ni jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia. Kwa sababu yake, kuhesabu "wamiliki" hakuna maana sana. Bunduki moja haramu inaweza kupita mikono kumi kwa mwaka. Takwimu itaiandika moja.

MzeeWaGati:

Vijana, nami nichangie kidogo. Nilikuwa baharia, mtu wa Unguja, nimetia nanga Kingston safari tatu miaka ya 1990 na moja 2008. Tulikuwa tukiambiwa tusitoke getini bila mwenyeji. Nilichokiona mimi ni walinzi. Kila duka kubwa, kila benki, hata duka la kuku wa kukaanga, mlinzi wa kampuni mlangoni na bunduki ya marisau kifuani. Nikamuuliza wakala wetu, akasema walinzi wa makampuni ni wengi kuliko polisi wa serikali. Na watu wenyewe wapole mno. Nilipotea njia downtown, bibi mmoja mzee akanishika mkono akanifikisha mpaka getini, njia nzima akinigombeza kama mjukuu wake kwa nini natembea peke yangu. Nikimsikia mtu anasema Wajamaika ni wauaji namkumbuka yule bibi.

Mwana_wa_Pangani:

Ahsante sana mzee wangu, na shikamoo. Hayo ya walinzi ni kweli mpaka leo. Wanaokufa kwa risasi kule wengi ni vijana wa kiume wa mitaa michache ya Kingston, Spanish Town, Montego Bay na sehemu za Clarendon. Watalii wamelala hotelini kilomita chache kutoka hapo, hawasikii hata mlio.

Nyota_ya_Lodwar:

Mimi nimeingia kwa sababu ya Haiti. Ndugu yangu wa damu alikuwa kwenye kikosi cha polisi wetu wa Kenya waliokwenda Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, Juni 2024. Nilipiga simu kila Jumapili, nikisikia imekatika usingizi unakwisha. Februari 2025 askari wetu wa kwanza alipouawa huko, sisi wa familia zote tulikaa masaa hatujui ni nani. Ndugu yangu alirudi salama. Aliniambia kitu kimoja: magenge yalikuwa na bunduki kubwa na mpya, zingine nzuri kuliko walizobeba wao. Niliuliza zimetoka wapi, akacheka akasema uliza Miami. Kumbe ndio unayoeleza hapa. Na wewe mwenyewe umesema Haiti ni 2.6 kwa watu 100. Basi 2.6 imeteka mji mzima?

Mwana_wa_Pangani:

Mungu ashukuriwe amerudi. Na uliyoyaandika yamenigusa sana, maana siku zile na mimi nilikuwa nafuatilia.

Ndiyo, na wewe umeliweka vizuri kuliko mimi. Ile 2.6 ni makadirio ya 2017, tangu hapo zimeingia nyingine nyingi. Lakini hata zingebaki zilezile, bunduki mia tano zikishikwa na watu wanaoamrishwa na mtu mmoja na kufunga barabara moja ya kutokea bandarini, mji umekwisha. Bunduki mia tano zikiwa kwenye makabati ya wakulima mia tano waliotawanyika milimani, hakuna habari. Jamaika nao walipeleka askari wao Haiti Septemba 2024, kundi dogo la watu kama 24, wakakaa na hao ndugu zetu wa Kenya. Walijua kwa nini wanakwenda. Bunduki za Haiti zinafika kwao kwa mashua.

Viongozi wa Karibi walikutana Port of Spain, Trinidad, Aprili 2023 wakatangaza vita dhidi ya bunduki, wakasema raia wasiruhusiwe kabisa silaha za kivita. Jamaika, Bahamas, Barbados, Trinidad na wengine walisimama pia na Mexico ilipowashtaki watengenezaji wa silaha wa Marekani. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa ile kesi. Siku ile nilikuwa zamu ya usiku. Nilisoma kwenye simu, nikajikuta nimekasirika kuliko nilivyotarajia. Nchi ndogo zimefuata sheria, zimeandika hati, zimepanga mstari, zimeambiwa mlango si huu.

Kisima_cha_Bibi:

Na sheria yao ya ndani sasa ikoje? Bado ile ya Manley?

Mwana_wa_Pangani:

Mahakama ya Manley ipo, ila sheria yenyewe ya silaha, ya 1967, waliifuta, ikaja mpya iliyoanza kutumika 1 Novemba 2022. Walitoa msamaha wa wiki mbili, 5 hadi 19 Novemba, ukileta silaha haramu huulizwi. Baada ya hapo, ukikutwa nayo kifungo cha chini ni miaka 15, na anayefanya biashara ya silaha anaweza kufa gerezani.

Mauaji yameshuka kweli. 2024 yalikuwa zaidi ya 1,100, na 2025 yakashuka chini ya 700, kiwango ambacho hawajakiona kwa miaka zaidi ya 30. Nimefurahi kama vile ni kwetu. Lakini sitaki niwaambie nusu: mwaka huohuo polisi nao waliua watu wengi kuliko miaka ya karibuni, na familia nyingi zinasema watoto wao hawakuwa na silaha. Nani aliyeshusha idadi, sheria, upelelezi, au hofu, kule bado wanabishana na sitawaamulia. Kipkemboi, huenda hapa utaniambia ukali umefanya kazi. Inawezekana. Ningependa nione kama inabaki chini miaka mitano mbele, polisi wakiwa wamepunguza risasi zao.

Kipkemboi_wa_Bonde:

Nimekupata ndugu. Bado naona mwenye duka ana haki ya kujilinda, hilo halijatoka. Ila hilo la pipa la sabuni limenikaa. Sisi hapa tunashangilia boksi likifika, hatuulizi limepakiwa na nani.

Kisima_cha_Bibi:

Swali la mwisho mkuu na nakuacha upumzike. Yule mama wa Spanish Town yuko wapi? Bado anatuma?

Mwana_wa_Pangani:

Yupo, ameacha kazi miguu inamsumbua. Anatuma bado. Kimbunga Melissa kilipopiga Jamaika 28 Oktoba 2025, dada yake anayeishi Black River alibaki na kuta tu. Wiki mbili baadaye akanipigia nikamsaidie kupakia, nikaenda na gari la jirani.

Alikuwa amenunua maturubai, misumari ya bati, tochi, betri, vidonge vya kusafishia maji, na mchele kama kawaida. Kila kitu alikifungua. Sabuni ya unga aliimwaga kwenye beseni, akaichambua kwa mkono wake mpaka chini, akairudisha ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Viatu vya wajukuu alivigonga kimoja kimoja sakafuni, kisigino chini, kama mtu anayetoa mchanga. Nilimwambia mama, hivi vyote umevinunua mwenyewe dukani, nani angeweka kitu? Akasema anajua. Akaendelea kugonga.

Tulipomaliza alikaza bolti mwenyewe, akaniomba nimshikie tochi aone kama imekaa sawa.